Ritha na Mvinyo Mkavu

Pangani, 4 Februari 2024

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila miguu inauma kwa kusimama. Goti lako vipi? Na jirani yetu Bi Zeyana, kikohozi kimemwachia?

Nina habari nzuri. Mpishi mkuu wa hapa hotelini, dada Leticia, amenitoa kwenye kufua mashuka, ananifundisha kuonja mvinyo. Tunao mwekundu wa Dodoma, mchanganyiko wa zabibu za aina tatu, mkavu kabisa. Ulimi unashikwa na ukakasi kama umekula bibo. Ameniagiza nitafute chakula cha kwetu kinachopatana nao. Nikiweza, naajiriwa rasmi. Niombee.

Mwanao,
Ritha

Makorora, 11 Februari 2024

Ritha,

Marahaba. Goti afadhali, Bi Zeyana hajambo. Mimi sijambo ya mdomoni tu.

Mkavu? Chai kavu naijua, ni chai bila hata kitumbua. Kwa hiyo unakunywa mvinyo tumbo tupu, na unaita kazi? Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akinywa hivyo hivyo, kavu, mpaka ini likaharibika, nawe uko darasa la tano. Sikukulea nije nikuzike kama nilivyomzika yeye. Acha kazi urudi. Usiporudi, usiniandikie.

Mama yako

Pangani, 18 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Umenikataza na bado naandika, unisamehe. U hali gani?

Mvinyo mkavu, mama, ni usio na sukari. Wala haunywewi bila chakula. Chakula ndicho tunachoutafutia. Nami naonja tu, nauzungusha mdomoni kisha natema ndooni. Kwa kamba wa nazi ulikuwa mchungu kama mwarobaini. Kwa samaki wa kukaanga, ladha ya chuma tupu. Jana nikaujaribu na mishkaki ya ng'ombe yenye mafuta: ukakasi ukalainika, nyama ikazidi utamu. Dada Leticia akanikumbatia. Kazi nimepata, ila furaha yenyewe nusu, maana wewe huniamini. Nijibu, hata kwa kunigombeza.

Mwanao,
Ritha

Pangani, 10 Machi 2024

Mama, shikamoo.

Kimya chako kinanitisha. Kama unaumwa, niambie. Kama ni hasira, basi naacha kazi mwisho wa mwezi. Siwezi kukukosa wewe.

Ritha wako

Makorora, 20 Machi 2024

Ritha wangu,

Marahaba, na marahaba zote nilizokunyima. Mzima? Unakula?

Kweli sikukuamini. Mnywaji gani anatema? Jana nilikwenda kumsaidia Bi Zeyana kupika futari. Muhogo wa nazi ulipokaribia kuiva, nikamwona anagusa upawa kwa ncha ya ulimi. Nikapiga kelele, "Bi Zeyana, funga yako!" Akatema, akasukutua, akacheka mpaka akakaa chini. "Wee Benedikta! Naonja chumvi tu mie. Kisichopita kooni chanifunguzaje?"

Nikalia pale pale jikoni, Ritha, na yalikuwa machozi ya raha. Kumbe mwanangu mzima. Kumbe wiki zote hizi nilikuwa nakuomboleza bure, na wewe unanisemesha.

Kazi usiache. Pasaka uje, nimeshamwagiza Badru wa buchani nyama yenye mafuta. Na hiyo chupa uje nayo. Nitaonja mimi kwanza, halafu wewe unifundishe kutema.

Mama yako