Shikamoo ya Gizani

Jumapili, Majengo

Na Juma, mwenzangu wa chumba, bado ananicheka huko kitandani kwake. Acheke tu.

Leo tulipanda Rombo kuona mapango ya Wachagga, yale mahandaki waliyochimba wazee wao wajifiche wakati wa vita. Juma ndiye aliyetaka. Jumatano anakwenda Mererani kuchimba tanzanaiti na anataka twende wote. "Ukiweza humu," alisema, "shimoni utaweza."

Unaingia umeinama, kichwa mbele. Kijana anayetembeza wageni alitueleza kwamba zamani mlinzi alikaa gizani na rungu. Aliyeingia aliulizwa kwa Kichagga, na asiyejua kujibu alipigwa. Kisha yule kijana akazima taa, akatuuliza yeye mwenyewe kwa sauti nzito.

Mimi Muha, Kichagga nitakitoa wapi? Nikasema, "Shikamoo!"

"Marahaba, mjukuu wangu," akajibu. Kijana mwenyewe ni wa umri wa mwanangu wa kwanza.

Watu walicheka, Juma akakaa chini kabisa. Nilicheka pia, lakini taa ilipowaka nikajikuta nimemshika Juma shati kwa mikono miwili. Na lile ni pango la kutembelea tu. Shimo la Mererani linakwenda chini mpaka...

Njiani nikamwambia siendi.

"Sasa wenzetu wa Mererani niwaambie nini?"

"Waambie naogopa."

Nilipolitamka nikapata nafuu. Ila usingizi hauji. Mke wangu nilishamwambia nakwenda, naye ameshakitangazia kijiji kizima kwamba mumewe sasa ni mwanaapolo, mchimba tanzanaiti. Kesho lazima nimpigie simu.