Nilimbeba Kwanza Hadi Sebuleni

Mpendwa dada mshauri, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa mke wangu anatoka hospitali na mimi sijui nitamtazama kwa macho gani.

Mimi ni fundi rangi. Mdogo wangu alijenga mkabala na kwangu, nyumba nzuri kweli, na tangu siku alipoweka madirisha ya vioo nikawa silali kwa kijicho, uongo sisemi. Nikaipaka yangu rangi upande wa barabara tu, sebuleni nikaweka vigae, makochi yamefunikwa nailoni mpaka leo, halafu nikatundika pazia zito na kupiga marufuku mgeni asilivuke, kwa sababu nyuma yake ni chumba kimoja cha bati linalovuja, ndimo tunamolala, ndimo tunamopika, ndimo mke wangu alimokohoa miaka sita akiniambia, "Mume wangu, ziba kwanza hili bati," nami namjibu, bati nani analiona?

Jumapili asubuhi akaanguka kando ya jiko, mdomo umepinda. Mdogo wangu alikuwa nje anaosha gari, dada, hatua ishirini, ningeita tu angekuja mbio, lakini sikuita. Nilimfuta masizi, nikambadilisha gauni, nikamburuta, nikambeba hadi sebuleni, nikamlaza kwenye kochi, hata nailoni sikuitoa, nikavuta pazia, ndipo nikapiga kelele. Ilishapita karibu saa nzima. Daktari alisema, laiti mngewahi. Sasa upande wa kulia umepooza na kauli imekatika. Shemeji zangu wananiita mume wa mfano, mdogo wangu aliyetukimbiza hospitali analia kuliko mimi, na mgonjwa ananikodolea macho tu, maana alikuwa anaona kila kitu. Nikimlisha uji anafumba mdomo. Niseme, au ninyamaze kwa kuwa yeye hawezi kusema? Nimejichoka.

Fundi Rangi

*

Fundi, barua yako nimeisoma mara mbili, nikaiweka chini nikaenda kunywa maji. Pole ninayo, ila leo nampa mkeo kwanza. Yako isubiri.

Eti unyamaze kwa kuwa hawezi kusema! Mtu mzima, huoni haya? Ulimnyima saa nzima, sasa unataka kumnyima na ukweli wake. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Wewe ulifunga hata mwenzio alipokuwa anakufa. Na huyo mdogo wako uliyemwonea kijicho angekuja na povu mikononi, wala asingetazama bati.

Sasa sikiliza. Leo, sio kesho, waite mdogo wako na shemeji zako, ling'oe hilo pazia mbele yao, waingie mpaka jikoni, uwaeleze ulichofanya. Watakutukana. Kaa chini utukanwe. Wakiamua kumchukua dada yao, usiwazuie. Wakikuachia, alale sebuleni, dirisha wazi, nailoni itoke. Kisha panda juu uzibe bati, hata kama hatalala tena chini yake.

Halafu mwambie yeye mwenyewe ulimchelewesha kwa nini. Anajua, lakini hajasikia kutoka kinywani mwako. Msamaha usimdai, huenda usiupate. Na akifumba mdomo, weka kijiko chini, umwite mtu mwingine amlishe. Ana njaa, fundi.