Nsansa Kabla ya Pilau

Mwamapalala, Sikukuu ya Krismasi

Hotuba yangu ya lishe haikuhitajika. Nilihofia sukari ya baba, kwa kuwa hapa wanaume hula sinia moja, na kipimo cha ngumi cha kukadiria chakula cha mtu mmoja, nilichojifunza chuoni, hakina kazi kwenye sinia la pamoja.

Mama alitanguliza bakuli kubwa la nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, pamoja na maharage. Pilau akaichelewesha makusudi.

“Mama Neema, pilau imepotea njia?” baba alitania.

“Inakuja. Malizeni mboga.”

Ilipofika, baba alikula matonge matatu, akanawa.

Jikoni nilimpongeza mama kwa dhati. Akacheka. “Mwanangu, nikimnyima anakwenda kula kwa jirani. Leo nimemshibisha.”