Nyaya za Gurudumu la Nyuma

Nyumba ya wageni, chumba cha mwisho,
Njiani, milimani.
Jumatano, tarehe 12.

Mpendwa Shangazi Shoto,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Goti linaendeleaje? Na ile mashine ya kufulia mashuka ya hospitali, wameshaitengeneza au bado mnakamua kwa mikono? Mimi ni mzima wa mwili. Midomo imepasuka kwa upepo na miguu inauma, lakini nakula nashiba na nalala kama gogo.

Nyumbani nao hawajambo. Mama amerudi kufundisha. Baba Mdogo ndiye anayefungua karakana asubuhi, ingawa hajui hata kuziba pancha. Anafungua tu ili majirani wasiuone mlango umefungwa.

Utashangaa kusikia niko milimani. Hii ni siku ya kumi na moja, niko peke yangu, kwa baiskeli ya Baba. Baba Mdogo alisema nimerukwa na akili. Mama alisema nibebe soksi za kutosha. Shangazi, tangu mazishi ya Baba sijalia. Wenzangu walilia, mimi nilipanga viti na kuandika majina ya waliokuja. Watu wakanisifu kwamba ni jasiri. Nikawaza, nikichoka sana, kuchoka kwa kweli, pengine kitu kitafunguka.

Hakijafunguka. Juzi asubuhi nilisimama mahali ambapo mawingu yalikuwa chini ya miguu yangu. Nikaandika kwenye daftari: mawingu, saa tatu. Nikanywa maji, nikaendelea kupanda.

Watu wa huku ni wema. Wanawake waliobeba kuni waliniuliza mume wangu yuko wapi, nikawajibu nina baiskeli. Mmoja akasema afadhali, hiyo ukiichoka unaiegemeza ukutani. Wakacheka mpaka mizigo ikatikisika. Nami nilicheka, kwa sababu niliona ndiyo zamu yangu ya kucheka.

Sasa niseme kilichonikalisha kuandika. Siku ya tatu baada ya mazishi ulipiga simu, ukaniuliza jambo moja tu: kama kaka yako alikutaja kabla hajafa. Nikakujibu ndiyo, alikutaja. Ukalia, ukanishukuru, nami nikashika simu huku natazama saa ya ukutani.

Nilikudanganya. Nilikaa naye hospitalini siku zote tisa. Aliomba maji. Aliuliza kama karakana imefungwa vizuri. Aliuliza kama mvua imenyesha. Jina lako halikutoka. Tangu Babu ampe yeye karakana kwa kuwa ni mwanamume, wakati kila mtu alijua kwamba fundi hasa ni wewe, nawe ukaondoka na sanduku lako moja, sijawahi kumsikia akikutaja. Hiyo ni miaka ishirini na mitatu, karibu umri wangu wote. Habari zako nilizipata kwa Mama. Nilikudanganya kwa sababu ndilo jibu lililokuwa jepesi kutoka, na uongo huo haukuniuma, na hilo ndilo linalonitisha.

Basi juzi hiyohiyo mchana, kwenye mteremko, nikasikia tak, halafu tak nyingine. Spoki mbili za gurudumu la nyuma zilikatika, gurudumu likaanza kuyumba kama mlevi. Nikaisukuma baiskeli kwa saa tatu hadi penye maduka saba na fundi mmoja. Wanamwita Haraka, kwa sababu hana haraka. Anakaa juu ya kreti mbele ya duka la chumvi na sabuni. Aliitazama baiskeli muda mrefu kabla ya kuigusa, kisha akaniuliza kama naiendesha au inaniendesha.

Baba alikuwa amebadilisha kila kitu kwenye baiskeli ile: gurudumu la mbele mara tatu, cheni sijui mara ngapi, kiti, breki, hata rangi. La nyuma hakulibadilisha. Niliwahi kumuuliza sababu, akasema, "Hili bado linazunguka."

Desturi ya karakana ya Babu unaijua kuliko mimi: spoki mbili zinapopishana, zinafungwa kwa waya mwembamba wa shaba, ili gurudumu lisilegee likibebeshwa mzigo. Ili kutia spoki mpya, Haraka alitakiwa kukata mafundo mawili. Akashika koleo, akasita.

"Baba yako alikuwa mashoto?"

Nikamwambia hapana.

"Basi nyaya hizi hakuzifunga yeye. Tazama, dada. Zote zimesokotwa kinyume. Mimi nikitaka kusokota hivi, mkono unakataa."

Nikainama kutazama. Nimemwona Baba akifunga nyaya hizo tangu nikiwa mtoto, naye alisokota kwa mkono wa kulia siku zote. Katika ukoo wetu mashoto ni mmoja tu, na ndilo jina tunalomwita.

Ni gurudumu lako, Shangazi. Amelipanda miaka yote hiyo. Sitaki kukudanganya mara ya pili nikasema alikusamehe, au alijuta. Hakusema, nami sikumuuliza. Nakwambia nilichokiona kwa macho.

Haraka alikata mafundo mawili, nikamzuia asiguse yale kumi na sita yaliyobaki. Hayo mawili niliyafunga mwenyewe, kinyume, kama wewe. Waya uliniponyoka mara tatu. Haraka akasema ni baridi, nami nikakubali kwamba ni baridi. Fundo moja lilikaza. La pili limelegea, linagonga kila gurudumu linapozunguka, na nimekuja nalo hivyo hivyo siku mbili, nikilisikiliza.

Vile vipande viwili vya waya ulivyovisokota wewe nimevitia ndani ya bahasha hii. Baada ya siku nne nitafika nyumbani, nitaiegemeza baiskeli karakanani. Baba Mdogo sitamruhusu alishike lile fundo. Njoo ulikaze wewe.

Nisalimie mzee wako, wale pacha, na yule mama mnayekamua naye mashuka. Mama anakusalimu, ingawa hajui kwamba nakuandikia. Mungu akutunze, akutunzie na huo mkono wa kushoto.

Ni mimi, binti wa kaka yako,
nikupendaye hata siku ambazo sihisi kitu.