Sauti Isiyoshtuka

Baba,

Mama amekataa nguo zako zigawiwe. Siku ya kumaliza msiba aliwaambia ndugu zibaki kabatini kwanza, na akatoa sababu: "Mbona bado anaongea?"

Kuna kitu kinaongea kwa koo lako, Baba. Kijana anayeuza filamu za kutafsiriwa pale Mirongo alimletea Mama flashi yenye filamu ambayo sikuwahi kukusikia ukiitafsiri kwa maiki katika banda lako la video hapa Igogo. "Kazi za mzee za zamani hizo, kaka," akaniapia. Sikumwamini. Siku hizi akili mnemba huokota sauti ya mtu kwenye rekodi zake na kuisemesha lolote.

Filamu yenyewe inamhusu mtu anayegundua kwamba mji anamoishi umebuniwa na mashine. Ni aina ileile tuliyoibishania nilipomaliza chuo. Nilikueleza kwamba watengenezaji wa filamu hizi hawakuvumbua kitu. Karne nyingi kabla ya kamera, mwanafalsafa wa Uyunani aliwawazia wafungwa pangoni, shingo zisizogeuka, wakitazama vivuli ukutani na kuviita ulimwengu. Ukanisikiliza hadi mwisho, kisha ukauliza mbele ya wateja: "Sasa hao wafungwa, msomi, nani alikuwa anawatafsiria?" Banda zima likacheka. Mpaka leo nashikilia kwamba hukuijibu hoja.

Ila wafungwa wale angalau walitazama vivuli vya vitu vilivyokuwepo. Mama anasikiliza kivuli cha mtu aliyeondoka.

Nimeichunguza sauti hiyo kama askari kwenye kizuizi cha barabarani. Mkwaruzo ni wako, kikohozi ni chako. Lakini wewe hukuwahi kuitazama filamu kabla ya kuitafsiri. Ulisema mtafsiri anayejua mwisho ni mchawi. Ndiyo maana ulishtuka pamoja na wateja: "Mungu wangu, kumbe shemeji ndiye jambazi!" ilhali ulikuwa umemsifu huyo shemeji tangu mwanzo. Sauti hii haikosei. Haishtuki. Inamjua jambazi kabla hajavua kofia.

Nimwambie Mama? Akiiwasha hucheka, huibishia, humaliza chakula chake, jambo alilokuwa hajalifanya tangu tukuzike. Vitabu vyangu vinasema aliyetoka pangoni ana wajibu wa kurudi kuwafungua wengine. Havisemi unaanzaje pale mfungwa anapokuwa mama yako mzazi, naye anatabasamu.

Jana nami nilinaswa. Nilikuwa natoka Nyegezi kwenye usaili, nikakuta mlango wazi, sauti yako sebuleni, na kabla sijafikiri nikatamka: "Shikamoo, Baba."

Haikuitikia. Iliendelea kusimulia mji wake wa mashine. Mama akanitazama, kisha akainamisha macho kwenye kanga yake.

Wewe, Baba... wewe hukuwahi kuiacha salamu yangu hewani. Hata risasi zikirindima uliitikia kwenye maiki: "Marahaba, mwanangu! Haya, jamani, anapigwa!"

Nitamwambia Mama Jumapili, baada ya ibada, kwamba sauti hiyo si yako, taratibu na kwa heshima, hata kama atalia, hata kama atanichukia kwa muda. Nitakaa naye hadi amalize kulia.

Lala, Baba. Ukimya huu ndio wako kweli. Nakuahidi hakuna atakayeujaza.

Mwanao