Kwa Ngalula, Kabla Hujanunua Nyumba ya Pili

Mwanangu Ngalula,

Jumapili iliyopita uliniambia kwenye simu kwamba nyumba iliyo mkabala na yangu inauzwa, na kwamba wewe na mume wako mnataka kuinunua. Ukaniomba nikueleze mazuri na mabaya ya kukaa katika mji huu mpya, kwa kuwa mimi ndiye ninayeishi humu. Nilikujibu kuwa mtandao ni mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri. Nilikuwa nimeketi jikoni na sikujua nianzie wapi. Leo nimechukua kalamu. Ninakuandikia kwa Kiswahili kile nilichofundisha ubaoni miaka yote ile, kile ambacho papa yako alikuwa akikicheka. "Mwalimu anasema tena sawa redio," alizoea kusema.

Nianze na mazuri, maana yapo, na wewe ndiye uliyenipa.

Unakumbuka mvua za kule kwetu kwa zamani, Katuba? Ulikuwa na miaka tisa hivi siku ile maji ya mferejini yalipoingia ndani. Tulipandisha magodoro juu ya meza, nawe ukasimama juu ya kiti, mfuko wako wa vitabu kichwani. Papa yako alikuwa safarini Sakania na treni yake. Mimi nilichota maji kwa sufuria nikiyamwaga nje, nayo yakirudi. Ukaniambia, "Mama, siku moja nitakujengea nyumba yenye maji haiingiake." Nilicheka, kwa sababu watoto wote husema hivyo. Wewe ulifanya.

Katika nyumba hii maji hayaingii. Yanatoka bombani asubuhi na jioni, nami nimesahau uzito wa bidoni la maji kichwani. Umeme ukikatika Lubumbashi nzima, sisi huku tunabaki na taa. Barabara ni ya lami mpaka mlangoni, takataka huja kuchukuliwa, na hakuna lori la madini linalopita likitutimulia vumbi. Papa yako, ambaye kule Katuba alikohoa kila kiangazi, huku hakukohoa tena. Na tangu wale wezi walipotuvamia wakampiga kwa kitako cha bunduki, alikuwa amepoteza usingizi kabisa. Huku alilala kama mtoto. Nisipoyasema haya nitakuwa mwongo, nawe utadhani sikushukuru.

Siku ya kuhamia ulikuwa umekuja kutoka Kanada kwa wiki mbili tu. Viti vilikuwa havijafika. Tulikula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo sakafuni, sisi watatu, sauti zetu zikigonga kuta tupu na kuturudia. Papa yako alitoka na sahani mkononi, akasimama katikati ya barabara, akaangalia upande huu na upande ule.

"Mama Ngalula, kuja uone! Iko sawa na reli. Huku muntu hawezi kupotea."

Ulimpiga picha akicheka hivyo. Usiifute kamwe.

Mwaka wa kwanza, mvua zilipoanza, alipanda mahindi kwenye kile kipande cha udongo kilicho mbele ya nyumba, kama tulivyofanya kila mwaka katika lupango yetu, ndani ya ua wa Katuba. Mistari sita. Mahindi yalikuwa yameshatoa ndevu binti mmoja wa ofisi ya mji alipokuja na karatasi. Alikuwa na adabu, alikunja magoti kidogo alipomsalimia. Akaeleza kwamba mbele ya nyumba huruhusiwa majani na maua tu.

"Mutoto yangu, tungojee wiki mbili tu," papa yako akamwambia. "Itaiva, tutakula, na weye utapata yako."

"Papa, munisamehe. Njo sheria ya hapa."

Hakubishana. Unajua yeye na sheria: alikuwa mtu wa ratiba na ishara za njiani. Kesho yake alivaa shati lake la zamani la reli, akayang'oa kwa mkono, shina moja moja, akayapanga chini kama mtu anayelaza wagonjwa. Tulichemsha mahindi machanga yaliyokuwa na punje laini kama maziwa. Jioni ile ulipiga simu, akakuambia, "Niko muzuri, mwana, kila kitu iko muzuri." Baada ya hapo aliacha kukaa nje. Alikuwa akizunguka sebuleni, mikono mgongoni, mpaka mimi nikaona kizunguzungu.

Majirani zetu si watu wabaya, nataka ulijue hilo. Hutoka asubuhi na magari yao, hupunga mkono kupitia kioo, hurudi jioni, mlango wa chuma unafunguka wenyewe na kujifunga wenyewe. Mpaka leo sijui jina la hata mmoja. Kule Katuba ulikulia ukutani kwa jirani yetu Mama Zaina. Yule mshonaji, wa watu wa Maniema, ndiye aliyekushonea sare ya kwanza ya shule na kukupa vipande vya kitenge uvalishe mwanasesere wako. Siku yao ya Idi sahani ya pilau ilipita juu ya ukuta kuja kwetu, na Noeli kuku alipita kwenda kwao. Nikikohoa mara mbili, aliuliza upande wa pili, "Weye, unagonjwa?" Nilikuwa nikichukia vile anavyosikia kila kitu. Nilikuambia hivyo, nakumbuka, siku tulipofunga mizigo. Nilisema hatimaye tutakaa bila masikio ya watu.

Sasa nitakuambia jambo nililokuficha.

Nilikuambia papa yako alilala mchana na hakuamka. Haikuwa hivyo. Ilikuwa Jumanne, saa nane mchana. Alitoka bafuni, akashika mlango, akasema, "Mama Ngalula, mukono yangu," kisha akaketi chini polepole, halafu akaanguka ubavuni. Alikuwa anapumua. Macho yake yalinifuata. Nilimpigia simu binamu yako Kalonji aje na gari, nikaitupa simu kitandani, nikatoka nje bila viatu.

Nilibonyeza kengele ya nyumba ya kushoto, kimya. Ya kulia, mbwa. Ya mkabala, hiyo hiyo unayotaka kununua, mfanyakazi wa ndani alinijibu kupitia kile kidude cha ukutani kwamba wenye nyumba wako kazini, naye amekatazwa kufungulia mtu. Sauti yake ilikuwa ya woga. Sikumlaumu. Nikasimama katikati ya lami iliyokuwa inaniunguza nyayo, nikapiga kelele: "Musaidie! Bantu, musaidie!" Mchana, Ngalula. Jua linawaka, ukoka umekatwa vizuri, maua ya kila nyumba yamemwagiliwa. Hakutoka mtu hata mmoja.

Wakati huo Kalonji alikuwa ameshafika kwenye lango kuu la mji. Mlinzi alimzuia, kwa kuwa gari la mgeni haliingii mpaka mwenyeji akubali kwa simu. Mlinzi alinipigia, akapiga tena, na simu ikalia kitandani huku mimi nikilia barabarani. Niliporudi ndani ndipo nilipoisikia. Nikasema, "Muache aingie, muache aingie."

Tulimbeba wawili, Kalonji na mimi. Visigino vyake vilikokoteka juu ya vigae. Alikata roho njiani, kichwa chake mapajani mwangu, kabla hatujaona hospitali.

Yule mlinzi alikuja siku ya tatu, kofia mkononi, akitokwa na machozi. "Mama, nilikuita mara mingi. Nikifungulia gari yenye haiko na ruhusa, banafukuza mie ku kazi. Niko na batoto." Nikampa kiti na maji.

Najua unachokifikiri sasa hivi, kwa sababu mimi nimekifikiri kila siku: kule Katuba wanaume kumi wangefika kabla sijaita mara ya pili. Ni kweli, wangefika. Lakini pengine wangembeba kwenye matope mpaka kituo cha afya kisicho na taa, na angekufa vilevile, akiwa tu amezungukwa na watu. Nimeligeuza wazo hili pande zote na halinipi kitu. Sijui kama mji huu ulimuua. Najua tu macho yake yalikuwa wazi nilipotoka mlangoni, na kwamba nilimwacha peke yake muda wote ule kwenda kubonyeza kengele.

Halafu kilio. Asubuhi watu wawili wa kamati ya mji walileta maua, wakazungumza kwa upole. Turubai barabarani haliruhusiwi. Moto wa kuni hauruhusiwi. Magari ya wageni yasizidi matano. Asubuhi ile ile Mama Zaina alikuwa amekuja kutoka Katuba na wamama sita, mikeka kichwani na sufuria kubwa ya kupikia watu. Waliwekwa nje ya lango. Alinipigia:

"Mama Ngalula, huku banasema tuandike majina kwanza. Muntu anaandikaka jina juu ya kulia?"

Walikaa juani mpaka adhuhuri. Ndipo nilipofunga mlango wa nyumba yako nzuri, nikaenda kumlilia mume wangu katika ukumbi wa parokia, Katuba. Ulituona kwenye simu, ukauliza mbona hatuko nyumbani. Nilikujibu kwamba ukumbi ni mkubwa zaidi.

Baada ya miezi mitatu nilikwenda kuitazama lupango yetu. Tuliiuza ili tujazie bei ya nyumba hii, sote tulikubali, sikulaumu. Aliyenunua amebomoa kila kitu, ukuta wa Mama Zaina pia, na amejenga ghala la saruji. Mama Zaina alipewa fedha za nyumba yake, akaenda kukaa na binti yake huko Kasomeno. Namba yake haipatikani tena. Nilisimama ng'ambo ya barabara na mkoba wangu, kijana wa ghala akaniuliza, "Mama, unauza nini?"

Basi sina pa kurudi. Nasema ili usinishauri jambo hilo.

Sasa hiyo nyumba. Katika barabara yetu kuna nyumba kumi na mbili, na tano ni za watoto walio ng'ambo kama wewe. Nazijua kwa taa za nje, zinazowaka zenyewe jua linapozama. Mtu wa bustani huja kukata majani. Wenyewe sijawahi kuwaona. Unasema mtarudi watoto wakimaliza shule. Mwanangu, mara ya mwisho watoto wako waliponisalimia, ilibidi unitafsirie. Hamtarudi. Wewe unajua, mimi najua, na tumekuwa tukiheshimiana kwa kutolisema.

Mji huu unamfaa mtu mwenye kazi, mwenye gari, mwenye watoto wanaopiga kelele ndani, anayetaka jioni afunge mlango apumzike mbali na watu. Mimi sina watu wa kupumzika mbali nao. Kwa hiyo jibu langu ni: usinunue. Usiniongezee jirani asiyekuwapo.

Lakini nakujua. Utanunua, kwa sababu huko uliko hiyo ndiyo njia pekee uliyobaki nayo ya kunishika mkono. Haya, nunua. Nitakuwa nafagia mbele ya mlango wenu kila asubuhi, ili mpita njia adhani kuna watu ndani. Angalau nitakuwa na sababu ya kuvaa viatu.

Wabusu watoto, uwaambie ni kutoka kwangu, hata kama hawakumbuki uso. Nami nakuachia hapa.

Mama yako aliyekuzaa