Majina Yaliyopita Ukutani

Mama yangu,

Huku Zinga hatujambo. Mvua imenyesha vizuri, bamia zimezaa mpaka tunagawa, na mimi nimenenepa. Ungenicheka.

Nianze na la aibu. Baada ya kukuzika niliacha kusali. Kila alfajiri ulikuwa ukiniamsha, "Felista, inuka, watu wanasubiri kutajwa." Ulipoondoka nikaona bora nilale. Nilikasirika, Mama. Nilimwomba Mungu akubakize, akakuchukua. Basi nikanyamaza.

Wiki ya tatu Bi Mwanaidi, jirani yetu wa ukuta mmoja, akabisha hodi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, lakini kiti hakukitaka.

"Mwanangu, mbona kimya? Mimi nikishaswali alfajiri nilikuwa nikimsikia mama yako ananitaja. Goti langu, wanangu, mpaka mbuzi wangu. Sasa nani ananitaja?"

Mama, kumbe alikuwa anasikia! Masikio yako yalipokuwa mazito sauti yako ikapanda, na hakuna aliyethubutu kukwambia. Nadhani mtaa mzima walijua habari za lile goti. Nilicheka mpaka nikalia. Bi Mwanaidi akanishika mabega, naye akalia.

"Mimi Muislamu," akasema akijifuta kwa kanga, "lakini dua ya jirani siikatai."

Kesho yake nikaamka. Nilisali kwa kusitasita kama mtoto anayejifunza kusoma. Nikamtaja Bi Mwanaidi kwa sauti, makusudi. Nikawataja wa jumuiya yetu. Nilipofika kwa Kaka Deo, nikataka kumruka.

Hili hulijui. Ulipoumwa ulinikataza kumsumbua kaka huko Ubena, nami nikakutii. Alipofika ulikuwa umeshakata roho. Akaniambia mbele ya waombolezaji, "Umeninyima kumuaga mama yangu." Tangu mazishi hatukusemezana tena.

Nikamtaja hivyohivyo. Siku ya kwanza, ya pili, zikapita siku nyingi, nami nikijiona nimeshamaliza kazi. Mpaka asubuhi moja naanika nguo, Bi Mwanaidi akaniita kutoka upande wake.

"Huyo Deo unamtaja kila siku. Umempigia simu?"

Wewe ulikuwa ukituambia kwamba Injili haiishii magotini, kwamba uliyemtaja asubuhi sharti umfuate mchana. Na kweli ulikuwa ukiwafuata, na kikapu chako, hata waliokufungia mlango. Mimi nilikuwa nimepewa ujumbe nikaukalia.

Nikapiga.

"Kaka, shikamoo. Nilikukosea. Nisamehe."

Nilisikia malori ya barabara kuu yakipita upande wake, moja, jingine. Kisha akasema, "Jumapili nakuja. Usiunguze wali."

Nikauunguza, bila shaka. Akala sahani mbili. Akataka nimweleze siku zako za mwisho zote, nami sikuficha kitu. Nilipomwambia kwamba jina la mwisho ulilolitaja lilikuwa lake, akaweka kijiko chini. "Basi aliniaga," akasema. Jioni alipoondoka alinikumbatia, yeye asiyependa kukumbatiana! Siku hizi ananipigia asubuhi tusali pamoja, ingawa sala zake ni fupi mno na namshuku anarudi kulala.

Habari mpya ni kwamba jana binti wa Bi Mwanaidi kajifungua, mtoto wa kike. Hajapewa jina, wanangoja siku ya saba. Bibi yake ameshaniagiza nimtaje.

"Nimtaje vipi na jina hana?"

"Mwambie Mungu, yule wa jana. Anamjua."

Kwaheri, Mama. Pumzika kwake uliyezoea kuongea naye. Nakuahidi nitaamka, na nikishaamka nitatoka. Kesho nitaanza na yule wa jana, halafu nimpelekee mama yake uji wa pilipili manga ungali moto.

Mwanao,
Felista